Hakuna wa Kunituma

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke kwetu. Nilikimbia nikiwa nimebakiza muhula mmoja tu nipate shahada. Leo nimeanza kuumalizia, katika mji mkuu wa watu wengine. Mafunzo kazini, ofisi ya ramani za jiji. Wanafunzi ni wawili: mimi, na binti wa rika la mjukuu wangu, ambaye nimemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Msimamizi wetu, kijana mpole, aliinuka akaniamkia, kisha akanipisha kiti chake. Chiriku alipewa furushi la ramani alipeleke ghorofa ya tatu. Mimi nilipewa chai.

Alhamisi, 6 Machi
Chai tena. Chiriku ametumwa stoo, ametumwa posta, ametoka na wapimaji. Mimi nimetazama dirishani. Barabara ile sasa naijua kuliko walioichora. Nilimwomba msimamizi anitume popote. Akasema, baba, mimi nikutume wewe? Mama yangu akisikia? Tatizo ni kwamba mhadhiri atakuja kukagua, na asiye na kazi ya kuonyesha hapati shahada. Lazima nitafute njia.

Jumanne, 18 Machi
Njia ya kwanza: kumuwahi msimamizi kwa salamu. Nilisimama mlangoni kama mtoto wa shule, nikampa shikamoo yeye, mbele ya ofisi nzima. Nilidhani atajiona mkubwa, anitume. Alishika ukuta. Akauliza amenikosea nini. Mchana hakula, na jioni alikuja na wenzake wawili kuniomba radhi. Nikatoa radhi, ningefanyaje. Kuanzia kesho chai itakuja na biskuti.

Ijumaa, 11 Aprili
Njia ya pili: wizi. Chiriku alikabidhiwa ramani ya mabomba ampelekee mhandisi wa maji, ng'ambo ya barabara. Alipokwenda kunawa nikaibeba, nikatoka. Ngazini mfagizi akaishika upande mmoja. Mlangoni mlinzi akaishika upande wa pili, akaniuliza, mzee wangu, unataka watu watuseme? Ramani ikavuka bila mimi. Chiriku alikaripiwa kwa kumbebesha mzee mzigo. Nilipomwomba msamaha alicheka. Akasema, babu, kinachokuponza ni kuguna. Kila ukikaa, "Ee Mola." Sisi vijana hatukai hivyo.

Usiku huu nimefanya mazoezi ya kukaa kimya. Magoti hayakubali. Chumba changu hakina picha ukutani. Zote zilibaki kwetu, sijui sasa zinamtazama nani.

Jumatatu, 12 Mei
Mhadhiri amekuja. Chiriku alimwonyesha ramani ya mtaa mzima aliosaidia kuupima. Msimamizi alipoulizwa habari zangu alisema, kwa moyo safi kabisa, kwamba mzee hana shida na mtu, na ofisi imepata baraka tangu aje. Kazi yangu je? Akatazama kikombe changu.

Mhadhiri amenihurumia. Yupo mpimaji mmoja mstaafu, ana ofisi ndogo nyuma ya soko, amenizidi umri kwa miaka kumi na haoni haya kumtuma mtu. Nikifanya kazi kwake wiki mbili tu, shahada naipata. Nafasi nyingine hakuna. Nimepiga pasi shati. Nimeimba kidogo, mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Alhamisi, 15 Mei
Nimefika kwa mstaafu asubuhi na mapema. Hakuinuka. Kiti hakutoa. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akasema, kijana, umechelewa, chukua ndoo ukateke maji, kisha ufagie stoo.

Kijana. Mimi niliyewazika wazazi wangu kwa simu.

Nilimweleza kwa adabu kwamba mtu wa makamo yangu hatumwi maji. Nikamweleza jinsi ninavyoheshimiwa kule ofisi ya ramani, nikataja na biskuti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, basi nenda kwenu.

Nimekaa kitandani tangu saa nne. Mhadhiri amepiga simu mara mbili: mzee yule hana kinyongo, ananingoja kesho, na bila yeye miaka yote hii imekwenda bure. Anasema ni ndoo moja tu ya maji.

Nimemwambia si suala la maji. Sitarudi.