Wategaji Watatu Ndani ya Sindano Yangu

Bonga, Babati

Ndugu Mfamasia,

YAH: WASIOFANYA KAZI WAONDOLEWE KWENYE SINDANO YANGU YA HOMONI

Pole na foleni ya kila Jumatatu. Mimi ni Aminiel, Baba Allen, msimamizi wa kazi za maendeleo mtaani kwetu. Daktari aliona homoni zangu za kiume zimepungua, akaniandikia sindano moja kila wiki tatu. Ya kwanza nilichomwa. Ya pili nimeikataa, kwa sababu hizi:

1. Nilisoma kikaratasi cha kwenye boksi. Kiambato kinachofanya kazi ni kimoja tu. Vingine vitatu vimeandikwa waziwazi kwamba havifanyi kazi, bila hata aibu. Siku ya kuchimba msingi wa darasa, mtu asiye na jembe simwandiki jina. Hawa watatu nani aliwaandika?

2. Mmoja wao ni mafuta ya ufuta. Sisi huku tunalima alizeti. Kama ni lazima mtu akae bure kwenye kalio langu, basi awe mwenyeji.

3. Wa pili ni alkoholi. Muuguzi wenu, Sista Devotha, alinieleza kwa upole kwamba ni kidogo sana, inazuia vijidudu, na kwamba yale mafuta ndiyo yanayoiachia dawa polepole mwilini. Wategaji wangu wa kazi za mtaa nao wana maelezo mazuri. Tena mimi ni mzee wa kanisa. Mchungaji nitamwambia nakunywa kwa kupitia wapi?

4. Wa tatu jina lake limenishinda kusoma. Namshuku kuliko wote.

Kwa hiyo naomba nichomwe yule mmoja peke yake, ikibidi mkavu.

Jambo hili si dogo. Siku hizi nasinzia kabla ugali haujaiva, na mke wangu Leonia, ninayempenda sana, amechoka kuongea na mtu aliyelala. Jana aliniambia, "Baba Allen, mimi sikuolewa na kikaratasi." Iliniuma.

Nisalimie wote wa dirisha la dawa, wa maabara, na mlinzi wa getini.

Wako mchapakazi,
Aminiel Kornel

N.B. Leonia ameisoma barua hii, akaandika kwa nyuma majina ya wanaofanya kazi hapa nyumbani. Yupo yeye peke yake. Mimi nimo kwenye orodha ya pili, ya wasiofanya kazi, kati ya redio mbovu na jogoo asiyewika. Nilimuuliza kwa nini basi hajanitoa. Akasema nikitoka mimi, yeye atamfanyia nani hizo kazi. Tafadhali waache wote watatu kwenye kichupa. Kesho asubuhi nitakuwa wa kwanza kwenye benchi.