Chuma Chenye Kiu

Saturnini alishuka Nachingwea akitokea Masasi, mji alioukimbia baada ya watu kadhaa kuanza kumtafuta kwa moyo mmoja. Hakuwa na mzigo ila mkoba wa ngozi ya bandia na mdomo wake. Aliketi kwenye banda la chai karibu na soko, akaagiza vitumbua, na kabla hajameza cha kwanza akaiona riziki imekaa mbele yake.

Riziki yenyewe ilikuwa pande la mtu. Shingo hakuna, kifua kama mlango wa ghala la korosho, mikono imejaa misuli mpaka shati linaomba poo. Mama wa chai akamwekea kikombe. Lile pande la mtu likakishika, vidole vikalegea, chai yote ikamwagikia mapajani. Mama hakushangaa wala hakugomba. Alimletea kikombe kingine, safari hii kikiwa na mrija.

"Samahani kaka," Saturnini akamsogelea. "Kidole cha mwisho na hicho jirani yake, vinakufa ganzi?"

Jamaa aligeuka na kiti chake. "Umejuaje?"

"Na asubuhi ukiamka, mkono unakuwa kama wa mtu mwingine, wewe umeazimwa tu?"

"Wewe ni daktari?"

Saturnini alitabasamu kwa unyenyekevu. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Katika kazi yake aliuheshimu sana ukweli, ndiyo maana hakupenda kuugusagusa.

Pande la mtu liliitwa Bwanali, na lilikuwa mkuu wa wabeba vyuma wa Nachingwea. Jimu yao ilikuwa uwanja wenye uzio wa makuti, na vyuma vyao vilikuwa ekseli, giaboksi na magurudumu ya matrekta ambayo Wazungu wa mradi wa karanga waliyatelekeza porini enzi hizo. Vilikuwa vinene visivyoenea kiganjani, na vizito kupita akili. Wanachama wote walikuwa na maradhi yale yale. Mmoja alikuwa anafungwa vifungo na mkewe. Mwalimu Fidel, aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, aliangusha chaki mara nyingi hata wanafunzi wakadhani ni sehemu ya somo. Na Idi ilikuwa inakaribia, siku ambayo wangepambana na vijana wa Ruangwa kuinua magunia ya ufuta mbele ya umati. Ukishindwa siku hiyo, unazomewa mpaka Idi nyingine.

"Hospitali hamjaenda?" Saturnini aliuliza.

"Tulienda," Bwanali akajibu kwa dharau. "Eti tuache vyuma kwa muda, mishipa ipumzike."

Wote wakacheka. Dawa gani hiyo, ya bure na haina hata harufu?

Saturnini hakucheka. Alipiga magoti uwanjani, akalaza sikio juu ya giaboksi, akafumba macho. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuambiwa habari za msiba.

"Ndugu zangu, hamuumwi ninyi. Kinachoumwa ni chuma. Kililala porini miaka yote hiyo, hakuna aliyekinywesha hata tone. Kina kiu. Kila mkikishika, kinavuta damu kwenye vidole."

Mwalimu Fidel alikohoa. "Lakini kisayansi, damu yenyewe ndiyo ina madini ya chuma."

"Mwalimu!" Saturnini akampa mkono kwa furaha. "Umemaliza kazi. Chuma cha nje kinamwita mwenzake wa ndani. Mimi nisingeweza kulieleza hivyo."

Mwalimu Fidel, ambaye tangu afike wilayani hakuwahi kusifiwa na mtu mzima, aliridhika papo hapo, na kuanzia hapo akawa ndiye mtetezi mkubwa wa nadharia ile.

Tiba ilikuwa rahisi. Chuma chote kingepelekwa kwenye chemchemi moja huko Nandagala kikanyweshwe mpaka kishibe, na daktari mwenyewe angekirudisha kabla ya Idi. Kwa muda huo wagonjwa wasishike kitu chochote kizito, hata ndoo ya maji, maana kiu ile inaambukiza.

"Hata ndoo?" aliuliza Hajra, mke wa Bwanali, aliyekuja kumwita mumewe akale.

"Hata ndoo, shemeji."

"Sasa hiyo dawa ni yake, au ni adhabu yangu?"

Wanaume walikuwa wameshaanza kupakia. Waliipandisha jimu yao nzima kwenye lori la kukodi kwa mikono yao wenyewe, wakihema na kuangusha, huku Saturnini akiwahimiza kutoka kivulini, na lilipoondoka walilipungia. Bwanali alifuta machozi kwa kisigino cha kiganja, kwa sababu vidole havikuwa na habari.

Lori halikufika Nandagala. Lilikwenda moja kwa moja Ruangwa, kwa Albina, mwanamke mfupi aliyenunua chuma chakavu kwenye uwanja nyuma ya soko. Albina alikuwa na sauti ya upole kama ya mkunga. Aliyapima yale mavyuma, akashukuru Mungu, akalipa nusu.

"Nusu nyingine gari la Dar likija kupakia, kaka yangu. Wewe pumzika tu."

Saturnini akapumzika. Alipanga chumba gesti, akanunua koti la kijivu na viatu vyenye ncha, na kila baada ya siku kadhaa alipita kwa Albina kuulizia gari. Gari lilikuwa njiani. Lilikuwa njiani wiki ile, na wiki iliyofuata lilikuwa bado njiani. Tapeli mwingine angenusa jambo. Ila watu wa kazi hii wana udhaifu mmoja, hawaamini kwamba kuna mwingine ana akili.

Asubuhi moja alikuwa uwanjani kwa Albina anadai chake, akasikia gari likifunga breki getini. Alichungulia. Nyuma ya pikapu walikuwa wameketi wabeba vyuma wa Nachingwea, wote, wamefura. Katikati yao amesimama Bwanali na panga. Saturnini hakumwona mbuzi aliyelazwa miguuni pao.

"Dada Albina, niokoe!"

Albina alimwonyesha tangi kuukuu la maji. Saturnini aliruka ndani, akauvuta mfuniko na kuushikilia kwa ndani, kipini kikimkata viganja. Aliushikilia kama roho yake. Kwa mbali alisikia vishindo, sauti nzito, halafu sauti ya Albina, tamu na ya polepole. Mazungumzo yalichukua muda mrefu, na Saturnini alitubu mambo ambayo hata alikuwa ameshayasahau.

Hatimaye Albina akagonga tangi.

"Wamesemaje?" Saturnini alinong'ona.

"Wameapa hawaondoki Ruangwa bila kukushika mikono."

"Mama yangu. Na yule mwenye panga?"

"Anasema leo lazima shingo moja ikatwe."

"Na mwalimu? Mwalimu ni mtu wa busara."

"Mwalimu anataka habari zako zifike mpaka Lindi."

Albina, na hili lisemwe kwa kumtendea haki, hakutamka hata neno moja la uongo. Vidole vya wale wanaume vilikuwa vimepona. Kwa kukaa bila chuma, bila ndoo, bila jembe, mishipa ilipata nafasi, ganzi ikatoka, nguvu ikarudi. Walipomkosa daktari Nandagala, wakaelekezwa kwamba lori la vyuma lilionekana likiingia kwa Albina, ndiyo wakaja kumshukuru. Walikuwa wameleta mbuzi, ufuta na kuku, na mwalimu alikuwa ameandaa hotuba.

"Nitoe hapa," Saturnini alilia. "Chukua nusu iliyobaki."

"Kaka yangu, hatari hii ni ya nusu kweli?"

Ikaondoka na nusu ya kwanza, kiasi kilichokuwa kimesalia. Likafuata koti la kijivu, kisha viatu vyenye ncha, kisha mkoba. Albina akamtoa kwenye tundu la uzio, miguu mitupu, amejitanda kanga yake ya jikoni. Saturnini alimshukuru, akadandia lori la mkaa, akaning'inia nyuma kwa mikono yote miwili hadi barabara ilipoishia.

Alijificha Nambilanje, mahali alipoamini hakuna atakayemtafuta, na kwa hilo alikuwa sahihi kabisa. Mkulima mmoja, Mzee Amiri, akampa jembe na mahali pa kulala. Jembe halikukaa mkononi. Tangu lile tangi na lile lori, viganja vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Akiinua jembe, linaruka peke yake na kwenda kulima kwa jirani.

"Pole, kijana," Mzee Amiri alimwambia jioni moja. "Maradhi hayo yana mtu wake. Nenda Ruangwa kwa Bi Albina. Wale wa Nachingwea alikinywesha chuma chao kwenye tangi, wakamlipa magunia ya ufuta, wakaenda zao. Siku ya Idi walitutoa jasho, hata sitaki kukumbuka. Sasa kila vidole vikianza kulegea wanampelekea chuma tena. Anakaa nacho mwezi. Wanalipa."

Saturnini aliuliza kwa tahadhari. "Na huyo... daktari aliyeanzisha?"

"Aa, yule alifariki. Bi Albina mwenyewe ndiye aliyeleta habari. Anasema alimwachia kazi yote mikononi, akaenda zake, akafa. Watu walilia! Hakuna aliyejua dini yake, basi Waislamu wakamsomea hitima, Wakatoliki wakamwombea misa. Siku mbili watu wanakula pilau. Yule Bwanali alizimia makaburini."

"Makaburini? Walizika nini?"

"Koti lake la kijivu. Na viatu. Vilikuwa viatu vizuri sana."

Saturnini alikaa chini kwenye tuta. Alifikiria pilau, alifikiria misa, alifikiria watu wazima wenye vifua vya ghala wakimlilia kwa uchungu wa kweli, jambo ambalo akiwa hai hakuna aliyewahi kumfanyia. Machozi yakaanza kumtoka. Alijaribu kuyafuta, vidole vikagoma.

Mzee Amiri akamfutia kwa upindo wa shuka lake.

"Pole, mwanangu. Kumbe marehemu ulikuwa unamfahamu?"

"Kwa mbali," alisema Saturnini.