Siku Kumi na Nne za Kulinda Shimo

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanguka! Shimo lile lile la barabarani, mbele ya kibanda changu cha ushonaji. Kifundo cha mguu wa kulia kimevimba, kiatu hakiingii. Na huo ndio mguu unaokanyaga cherehani! Mke wangu kanikanda kwa maji ya moto. Shemeji, kaka yake, fundi cherehani wa duka la ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka akashika ukuta. Halmashauri ya mji itanilipa. Watanitambua!

Jumanne, 4 Machi
Nimechechemea hadi halmashauri. Karani akauliza kama kuna aliyewahi kuwaandikia barua kuhusu shimo hilo kabla sijaanguka. Hakuna. Basi hakuna fidia, akasema, halmashauri haiwajibiki kwa shimo isilolijua. Ikipokea barua ina siku kumi na nne za kulifukia. Zikipita bure, atakayeumia baada ya hapo atalipwa. Kumbe nimeumia kweli, ila kwa tarehe mbaya! Nikaandika barua papo hapo, ikagongwa muhuri. Tarehe 18 naanguka upya. Mguu mbovu tayari ninao.

Jumamosi, 8 Machi
Halmashauri hawajaonekana, Mungu awabariki. Adui ni majirani. Muuza mboga kaja na karai la kifusi. Nikamwambia barabara ni mali ya umma, haiguswi. Akauliza tangu lini nafuga mashimo. Kachomeka tawi ili wapita njia walione. Alipogeuka nikalichomoa. Shemeji aliniona.

Jumatano, 12 Machi
Matawi matatu tangu Jumamosi. Yote nimechomoa. Kazi imedorora. Mke wangu anakanyaga cherehani, mimi naongoza kitambaa. Suruali ya mwalimu mkuu imetoka mguu mmoja mfupi! Kaipeleka kwa shemeji. Mke wangu ananisihi nilifukie shimo, nipumzike, mguu upone. Hajui sheria.

Jumamosi, 15 Machi
Balaa. Mama mkwe alikuja kunijulia hali. Tawi nilikuwa nimelichomoa asubuhi. Nikasikia kishindo, nikajua. Mkono wake umevunjika. Nikatoka nikirukaruka kwa mguu mmoja, na neno la kwanza lililonitoka ni kwamba bado siku tatu! Mke wangu alisikia. Sitasahau alivyonitazama. Shemeji kambeba mama yake hadi kwenye gari, wakaenda hospitali wote watatu. Sikuambiwa nipande. Jioni mke wangu karudi kuchukua nguo zake, anahamia kwa kaka yake. Shemeji kamweleza habari za matawi. Naona aibu. Nyumba kimya, hata maji ya kukanda mguu nimeshindwa kuchemsha.

Jumatatu, 17 Machi
Sijala tangu jana. Shemeji kaja na ujumbe. Mama mkono umefungwa plasta, anaendelea vizuri. Dada yake atarudi siku nitakayolifukia shimo kwa mikono yangu mwenyewe. Nikilifukia leo, anarudi leo. Kaniletea toroli la kifusi na koleo. Safari hii hakucheka. Nilitaka kulia. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu yuko nami, hajawahi kuniomba jambo kubwa. Nikashika koleo. Nikatazama kalenda ukutani.

Nimemwomba shemeji amwambie dada yake kuwa nitalifukia Jumatano, bila kukosa. Kachomeka tawi shimoni, kaondoka bila kuaga.

Nimesubiri akate kona. Nimelichomoa.