Kamati ya Makazi ya Akili

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba chuo chetu, nje kidogo ya Rongai, ndicho cha kwanza kuunda Kamati ya Makazi ya Akili. Mwenyekiti ni mimi, Naibu Msajili Masinde.

Chanzo ni msichana wa Kuresoi, Jepleting, aliyeongeza Sayansi ya Akili kama kozi ndogo kando ya shahada yake. Kozi hiyo ni ya idara sita: falsafa, saikolojia, biolojia, isimu, kompyuta na anthropolojia. Kwa kuwa ni ya wote, haina mwenyewe. Fomu yake ya kuhitimu ilitaka mhuri wa idara husika, na hakuna idara iliyokubali kuhusika.

"Sir, graduation ni Friday," aliniambia, machozi yakimlenga. "Mum ashaalika kanisa zima. Kwaya imefanya mazoezi mwezi mzima."

"Binti, haraka haina baraka. Kwanza tujue akili inakaa ofisi gani."

Kamati ilikaa siku tatu na mandazi. Biolojia ilisema akili iko kichwani. Falsafa ikauliza, kichwa cha nani? Kompyuta ikasema ipo, ila nywila imesahaulika. Tuliazimia idara zote sita zipige mhuri, lakini yoyote isitangulie, maana anayetangulia ndiye huulizwa maswali. Azimio hilo lilinifurahisha sana.

Alhamisi Jepleting alirudi na karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Tayari zilikuwa na mhuri wa Bethwel, mlinzi wa lango: IMEKAGULIWA. Wakuu wa idara walipoona kuna aliyetangulia, waligonga mihuri mbiombio, karatasi zote mbili. Nami nikagonga. Sikusoma. Kusoma kungekuwa kuwashuku wenzangu, na mimi si mtu wa fitina.

Ijumaa alihitimu. Mama yake alipiga vigelegele hadi hotuba ikasimama. Nilijipongeza.

Jumatatu nilikuta ratiba mezani: Utangulizi wa Sayansi ya Akili, saa mbili asubuhi, wanafunzi wapya saba. Wakuu sita wa idara, na mimi. Ile karatasi ya pili tuliyoigonga ilikuwa fomu ya kujiunga na kozi, majina yetu yamejazwa vizuri. Chini Jepleting alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: UKISOMA HAPA, USIPIGE MHURI.

Nilikimbilia ofisi ya udahili. Bi Truphosa alinionyesha waraka: fomu iliyopigwa mhuri haifutwi.

"Nani mjinga aliyeandika huu?" nilifoka.

"Ni wewe, Sir. Ukitaka kuacha kozi, leta mhuri wa idara husika."

Nimezunguka idara zote sita. Wote wanakubali kugonga, mradi mwingine atangulie. Basi leo asubuhi nimeshuka langoni na fomu yangu ya kuacha kozi.

"Bethwel, nigongee hapa haraka, nachelewa darasani."

"Sawa, boss. Ngoja kidogo."

Akaichukua fomu, akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kuisoma.