Karatasi Iliyofuta Pua ya Marehemu Baba

Isebania,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Msimamizi wa Kituo cha Afya

Ndugu Msimamizi,

Niwie radhi kwa kimya cha majuma saba tangu nimlete Lynnet, mke wa mwanangu Bravin, apigwe picha ya altrasaundi kituoni kwako. Nilingoja hasira zipoe. Barua ya hasira huwa na makosa, nami nilikaa ubaoni miaka thelathini na minne nikisahihisha makosa ya wengine.

Nalalamikia karatasi mnayochapia picha.

1. Karatasi hiyo ni laini, inateleza, na haivumilii joto. Picha yangu ilionyesha wazi pua ya marehemu baba, Mzee Maroa: pana chini, yenye kinundu juu. Niliipeleka kwa Edith, mwenye duka la fotokopi hapa Isebania, aifunike plastiki ili idumu. Iliingia katika mashine yake ya moto ikiwa na pua; ikatoka nyeusi tititi kama sufuria ya matanga. Edith akaniambia, "Mwalimu, karatasi za hospitali hukasirikia moto." Nilimjibu kwamba karatasi haina ruhusa ya kukasirika.

2. Cheti changu cha ualimu cha mwaka 1974 kimenyeshewa, kimetafunwa na mchwa pembeni, na mbuzi amewahi kukilalia. Bado kinasomeka.

3. Picha hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa ushahidi. Bravin anataka mtoto aitwe Clifford. Katika ukoo wetu hakujapata kuwa na Clifford, wala hakuna marehemu wa jina hilo aliyemtokea mtu ndotoni akiomba kukumbukwa. Mimi nataka aitwe Maroa. Bravin ndiye mwanangu wa pekee. Asipompa mtoto wake jina la baba, litazikwa pamoja nami. Wazee watano wa ukoo waliipokezana picha, wakaigeuzageuza, wakaiona pua. Mzee Boaz alisema, "Huyu ni Maroa mwenyewe, amekosa ugoro tu." Aliyebisha ni mkwe wangu wa Sori, Omanga, babake Lynnet: "Jaduong', mzee wangu, mimi hapo naona ngege." Omanga ni mvuvi, huona samaki kila mahali.

4. Wazee watakutana tena Jumamosi kukata shauri la jina. Wakikuta kipande cheusi, Clifford atashinda. Kwa hiyo naomba mnichapie picha nyingine juu ya bati, au juu ya ngozi ya mbuzi, ambayo nitaileta mwenyewe ikiwa imekaushwa vizuri.

5. Ikiwa mashine yenu haipitishi ngozi, mtaalamu aliyepiga picha aje Jumamosi, aape mbele ya wazee kwamba aliiona pua hiyo, kisha aichore ubaoni. Chaki ninayo.

6. Ikiwa mtaalamu hana nafasi, naomba uzazi uahirishwe. Lynnet anatarajiwa kujifungua juma lijalo, na si haki mtoto aingie ulimwenguni huku ushahidi wake ukiwa haujakamilika.

Sitaki fidia. Nataka pua.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango aliyenipa kiti chake, na mama wa mapokezi aliyenikemea, tena kwa haki, nilipopita foleni.

Wako katika kudai kilicho sahihi,

Nchagwa Maroa,
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Mke wangu, Priscah, huzisoma barua zangu kabla sijazifunga. Amesoma hii, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaleta kijitabu cha kliniki cha Lynnet. Picha ya mtoto imo ndani, safi, na haijawahi kutoka humo. Ana pua ya Omanga. Ile tuliyoipokezana na wazee ni yangu mimi: siku ile nami nilipigwa picha ya kibofu, kwa kuwa mkojo ulikuwa ukinisumbua, na bahasha iliyokuja nayo bado ina jina langu. Kwa hiyo nayaondoa malalamiko yote sita, na kuhusu Clifford nanyamaza. Priscah naye ameacha kucheka. Anauliza ni kitu gani kilichosimama ndani ya kibofu changu, kikubwa hata wazee watano wakakiamkia kwa jina, na anataka twende kwako kesho asubuhi. Mimi bado natafakari. Nikishaamua, nitakuandikia.