Honi ya Kupandia Mgeta

Jumatano, 5 Juni

Nimekwisha. Mjomba Shabani kaja na habari, kaziweka mezani kama mtu aliyeleta kitoweo. Jumamosi ukoo wa mama unakutana Mgeta, na mimi nitasimama mbele ya wazee. Nifanye nini? Nijitambulishe. Nimerithi jina la marehemu babu Hatibu, kaka yake bibi, aliyekuwa msemaji wa ukoo. Eti wazee wanataka kulisikia jina likiongea. Kwa Kiluguru!

Kiluguru sina. Nina Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha shule, na vyote viwili navinong'ona. Mwalimu wa darasa kaandika kwenye ripoti kwamba huwa ananiona ila hajawahi kunisikia. Jioni mama kanifundisha maneno ya kusema. Nikakwama sentensi ya pili. Hafidhi, mtoto wa mjomba, akaimalizia kutoka jikoni huku anatafuna. Anakijua chote! Lakini kwetu Waluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake, na mama yake Hafidhi ni wa ukoo mwingine, hasimami. Vitu vimegawanywa vibaya sana.

Nimefikiria kuugua. Mama ni nesi. Basi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Bila gari hakuna Mgeta. Na gari ni ile Korola ya mjomba, imenizidi umri. Kuna jamaa kwenye simu anafundisha ufundi kwa Kiingereza (faida ya shule hiyo). Chini ya boneti kuna boksi la fyuzi. Ndani mna rilei, kidude cheusi kinachopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Ukikichomoa, gari itapiga stata mpaka betri ichoke, haiwaki ng'o. Na hakuna kilichoharibika. Si dhambi. Si dhambi sana.

Mjomba alipokwenda kuswali alasiri nikachomoa. Nikakwangua kidole. Kuku alinitazama mwanzo mpaka mwisho. Kidude kiko mfukoni. Kila mtu akikohoa nakishika.

Mkutano ukishapita, nakirudisha. Gari itawaka, mjomba atashukuru Mungu, nitaitikia amina.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi mjomba kapiga stata. Che-che-che-che. Kimya. Che-che-che-che. Mimi niko chooni nimeziba masikio.

Mtaani kwetu Kihonda boneti ikifunguliwa wanaume hujaa kama msibani. Mwenye duka kasema mafuta machafu. Muuza mkaa kasema plagi. Mtu ambaye hakuna anayemjua kasema ni baridi, akaenda zake. Ikabidi aitwe fundi Bonifasi. Kafungua plagi, kamwambia Hafidhi apige stata: cheche ipo. Basi tatizo ni mafuta. Katega sikio siti ya nyuma: pampu hailii. Kasema pampu imekufa, tangi lishushwe.

Tangi! Mimi nilitaka gari isinzie kidogo, sasa inapelekwa upasuaji. Nikaamua kurudisha rilei kimyakimya. Haikuwezekana. Hafidhi kakaa palepale mbele anatafuna muwa, habanduki. Nikamwambia mama yake anamwita. Kanijibu mama yake yuko Dodoma.

Halafu mjomba kasema wala tusihangaike, gari ikigoma tutapanda na lori la mboga linalorudi tupu. Kwa hiyo nitasimama tu! Nimeiua gari bure!

Ikaja mbaya zaidi. Bonifasi kafungua boksi la fyuzi. Pana tundu. Mjomba akikasirika hushusha sauti. Kasema taratibu kabisa kwamba mtaani kuna mwizi wa vipuri, na akimpata atambebesha hiyo boneti kwa meno. Akatutazama mmoja mmoja. Akanifikia. Nikamwambia shikamoo mjomba. Kwa mara ya tatu tangu asubuhi.

Hafidhi, nani mwingine, kasema rilei ya honi inafanana na ile, ihamishiwe pale. Ikahamishwa. Gari ikawaka! Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa woga.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa bibi, Mgeta. Mwandiko unisamehe.

Tulikwenda vizuri mpaka barabara ilipoanza kupanda. Huku kila kona dereva hupiga honi, kwa sababu malori ya mboga yanashuka na njia ni ya gari moja. Mjomba kabonyeza. Kimya. Kasimamisha gari. Nikasema labda turudi. Hakunisikia. Hafidhi, aliyekuja eti kwa ajili ya pilau, kasikia. Kasema honi mbona ipo, imekaa siti ya mbele. Mjomba akanigeukia. Kasema nishushe kioo, nitoe kichwa, na kila kona nipige kelele.

Rilei ilikuwa mfukoni! Kuipachika ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini ningesema nimeiokota wapi? Nikatoa kichwa.

Kona ya kwanza nikasema samahani, tunapita. Mjomba kauliza kama nasalimia mawe. Iliyofuata nikasema pii. Hafidhi alicheka mpaka akakohoa.

Kisha kona moja ambayo upande wangu hakuna kitu. Hewa tu, na chini kabisa mabati ya watu. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi. Ghafla bampa la lori, na kabichi juu yake mpaka mawinguni. Mjomba kakanyaga breki. Mama kamwita mama yake. Magari yakasimama nikiwa naweza kuchuma jani. Dereva wa lori akaanza tusi, akamwona mama, akaligeuza katikati likawa shikamoo.

Mama kanishika bega kutoka nyuma. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Bora angenigombeza.

Baada ya hapo nilipiga kelele wallahi. TUNAPANDAAA! LORI SIMAMAAA! MAMA YUMOOO! Nilipiga kama mtu anayejua kilichomo mfukoni mwake. Watu waliacha majembe wakasimama mashambani. Mlima wa pili ulinijibu.

Tulipofika sauti ilikuwa imekwisha. Nikasimama mbele ya wazee, mdomo wazi, upepo mtupu. Bibi Mwajuma, mkubwa wa ukoo, akaniambia nikae. Hana haja ya kunisikia, kasema, alinisikia tangu anapalilia karoti. Jina limepata mtu.

Nimepona! Bila neno moja la Kiluguru!

Jumapili, 9 Juni

Sijapona. Bibi Mwajuma kasema mwezi wa nane wanakuja wote, hata walioko Dar na Ngerengere, na mwenye sauti ile ndiye atakayeongoza maneno. Mwanzo mpaka mwisho. Kwa Kiluguru. Mjomba kafuta machozi kwa fahari. Hafidhi ananiita Honi. Kufikia chai ya asubuhi kijiji kizima kilikuwa kinaniita Honi.

Nilitaka kumrudishia mjomba rilei. Nilifika hadi mlangoni. Nikakuta anawasimulia wazee habari za mwizi, na ameshafika kwenye meno. Nikamwamkia, nikaondoka.

Lakini nimetulia sasa. Bibi Mwajuma kanionyesha spika watakayonipa siku hiyo. Kubwa, kuukuu, inatunzwa uvunguni mwake. Alipokwenda kuchota maji nikaichungulia nyuma. Ina kifuniko kidogo cha skrubu. Ndani, fyuzi moja tu.