Sabufa Kwenye Kiti cha Babu

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Naapa kuandika kila kitu humu, hata yale yatakayoniaibisha. Mwalimu wa Sayansi anasema anayeficha matokeo mabaya hafanyi jaribio, anafanya maigizo.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi Shangazi anakuja kumchukua Babu akaishi kwake, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Anasema hapa kwetu Babu amekuwa mpweke. Ni kweli. Masikio yamemchoka. Sisi tukiongea anasema tunanong'ona, basi siku hizi anakula chumbani kwake, mlango kaufunga. Baba na Mama wamekubali aende. Mimi sikuulizwa. Mtoto haulizwi!

Lakini leo nimemwamkia Babu mara tatu bila jibu, mara lori la saruji likapita nje. Akainua kichwa, akasema dereva huyo anaua gia. Kumbe sauti nene anazisikia! Na ujanani Babu alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya dansi. Redio yetu ina vispika viwili mfano wa visanduku vya chaki. Besi haimo kabisa.

Dawa ni sabufa, spika kubwa ya besi. Babu akisikia besi atarudi sebuleni. Akirudi sebuleni hana upweke. Asipokuwa na upweke haendi. Mpango hauna tundu.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwa fundi redio. Mwandiko wake hausomeki hata naye mwenyewe, na wiki iliyopita muuza vitambaa kapewa redio ya kinyozi, wakagombana. Tumeafikiana: nitamwandikia vibandiko vya wateja kila nikitoka shule, naye ataniazima sabufa.

Zipo mbili. Moja nyeusi, inang'aa, ina taa za buluu zinazochezacheza. Nyingine ya mbao ya kahawia, imekwaruzika, nzito kama gunia la mawe. Fundi akaniambia nichukue ya mbao. Kaka aliyenisindikiza, ambaye tunamwita Mkurugenzi kwa sababu rimoti haimtoki mkononi, akauliza ni nani anayeweka jeneza sebuleni.

Nikafikiri sana. Macho ya Babu, akivaa miwani, bado ni mazima. Nikachukua ya taa.

Jumatano, tarehe 5

Taa ni nzuri mno. Sauti ni nyuki ndani ya kopo. Mama alitoka jikoni kuuliza kitu gani kinaungua. Babu hakutoka.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilijitembeza na taa juu! Nimekirudisha. Fundi hakucheka. Alinipa ile ya mbao, akaniongezea vibandiko tu. Afadhali angecheka.

Mkurugenzi anasema yeye tangu mwanzo alikuwa upande wa ile ya mbao. Nimemwachia aibebe.

Alhamisi, tarehe 6

Siku ya fedheha. Niliapa, basi naandika.

Fundi alinifundisha kwamba besi haikai popote tu. Kuna kona inanguruma, na kona nyingine inapotea kama maji mchangani. Kwa hiyo unaiweka sabufa juu ya kiti cha msikilizaji, unapiga muziki, kisha wewe unatambaa kandokando ya kuta, sikio karibu na sakafu. Unapoisikia imeshiba, hapo ndipo mahali pake. Ajabu, lakini ndivyo mafundi wafanyavyo.

Msikilizaji ni Babu. Nikaipandisha kwenye kiti cha Babu, juu ya mto wake. Nikaweka kanda ya dansi. Nikatambaa mimi, Mkurugenzi akatambaa akidai masikio yake ndiyo ya kitaalamu, Mama naye akatambaa kwa kuwa alitaka tumalize apige deki.

Babu akafungua mlango. Alikuwa anatafuta miwani.

Akatuona watatu tumepiga magoti. Akaliona sanduku limekaa kitini pake, juu ya mto wake. Akasema kwa upole kabisa kwamba sawa, ameelewa, kiti kimeshapata mwenyewe, na kumbe hata kusujudiwa kinasujudiwa. Akasema Jumamosi iko mbali, bora angeondoka leo.

Nikalia nikieleza. Hasikii! Nikaandika maelezo kwenye karatasi, aya tatu, mwandiko mzuri. Hana miwani! Mama akampigia Babu kelele kwamba Baba, si hivyo, Baba! Babu akamjibu kwamba asimnong'oneze.

Kisha akainama alitoe sanduku. Akaweka viganja ubavuni mwa sanduku. Akabaki vivyo hivyo, kainama. Nikadhani ni mgongo.

Akasema mpiga besi huyu anachelewa.

Akalishusha, akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye sanduku, akatuambia tuanze wimbo upya.

Ijumaa, tarehe 7

Mahali pake ni kando ya kabati la vyombo. Amepatafuta Babu mwenyewe, kwa magoti, akitufukuza njiani. Sahani za Mama zote zinacheza. Mama kaweka vitambaa katikati ya sahani moja moja. Babu amekula sebuleni, akaongeza, akamwambia Mkurugenzi kuwa anashika rimoti kama mtu anayeshika samaki. Nimefurahi hadi nimeshindwa kula.

Kesho Shangazi atajionea mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8

Shangazi kajionea. Alimkuta Babu kitini, vidole vinatembea kwenye mkono wa kiti, anaimba sehemu ya besi peke yake. Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nikamkonyeza Mama kwamba tumeshinda.

Shangazi akasema alikuwa akiogopa kumchukua baba yake akiwa na huzuni. Sasa roho yake imetulia. Akiwa na sanduku lile, popote atakuwa mzima!

Babu akauliza anasema nini. Shangazi akamwandikia, miwani safari hii ipo. Babu akatafakari, akauliza kama sebule ya Shangazi ina kona nzuri.

Wameondoka saa nane kwa gari. Babu mbele, sabufa nyuma, imefungwa mkanda. Kabla ya kupanda alinishika kichwa, akasema mimi ni mwanamuziki. Sijui hata kuimba.

Sabufa ni ya kuazima. Nitaandika vibandiko hadi nimalize shule.

Jumapili, tarehe 16

Kiti kipo. Sebule imekuwa kubwa mno. Mama anasema nimekosa nini, si Babu ana furaha? Ni kweli, ana furaha. Ndiyo maana nimefikiri upya. Kosa langu lilikuwa moja tu: sabufa ilikuwa ndogo.

Fundi anayo nyingine, ilikuwa ya ukumbi wa harusi. Alinionya kwamba si kitu cha kuweka nyumbani. Tuliileta kwa mkokoteni. Nimeielekeza dirishani, upande wa uwanja wa mpira. Saa kumi kamili nimepiga kanda ya Babu, wimbo wa kwanza, nguvu zote. Picha ya harusi ya Mama imeanguka. Kinyozi na muuza vitambaa wako mlangoni kulalamika, na leo wanaelewana. Nachana ukurasa huu nimpe Mama, anakwenda kwa Babu sasa hivi, anasema anahitaji hewa.

Babu, shikamoo. Jibu mpe Mama huyo huyo: umenisikia, au niongeze?